Wiki ya Durban: nyumba kodisheni, mkataba waachieni

Nyumba naipa nne juu ya tano. Mkataba unaouzwa pembeni ya hiyo nyumba naupa moja, na hiyo moja ni ya mwandiko: herufi zilikuwa kubwa, nilizisoma bila miwani. Hukumu naitoa mapema kwa sababu nawajua watu wetu wa Lubumbashi. Mtu anasoma mistari mitatu, halafu saa nne usiku simu inalia: "Sasa mama, tununue ao tusinunue?" Msinunue. Kodisheni. Anayetaka sababu aendelee kusoma.

Wanachouza ni muda wa kukaa ndani ya nyumba. Fleti moja ya ufukweni inagawanywa kwa wiki za mwaka, kila wiki inapata mwenyewe; wewe una wiki ya 33, mwingine ana ya 34, na hamtaonana maisha yenu yote, labda mmoja wenu achelewe kutoka. Biashara hii inaitwa taimshea. Ilianzia Ulaya, kwa kampuni ya Uswisi iitwayo Hapimag, mwaka 1963. Mwaka 1974 Wamarekani wa Indianapolis wakaanzisha RCI, ambayo kazi yake ni kubadilishana: unaweka wiki yako ya Durban, unachukua ya mtu mwingine Hispania ao Florida. Afrika Kusini waliipokea mapema, mwaka 1983 tayari walikuwa na sheria yake, namba 75 ya mwaka huo. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba wote ni matapeli. Kazi ni halali, majengo yapo, funguo zinafungua milango. Mimi shida yangu iko kwenye hesabu, tutaifikia.

Kazi yangu ni karatasi za mizigo. Shaba inatoka huku, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inateremka zaidi ya kilomita 2,500 hadi bandari ya Durban, na kila kontena lina faili lake. Ofisi yetu ndiyo inayafuatilia. Durban niliijua kwa mihuri na ankara muda mrefu kabla sijaiona bahari yake. Mwenzetu wa ofisi ya kule ndiye aliyetutafutia nyumba. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, Mhindi wa Chatsworth, ana wiki yake ya Agosti katika jengo la ufukweni upande wa Umhlanga. Mwaka huo hakuwa na haja nayo, akatukodishia kwa randi 6,500, kama dola 360 kwa bei ya siku ile. Wiki nzima, vyumba viwili vya kulala na kochi la kufunguka sebuleni. Tulikuwa watu sita: mimi, bwana yangu, watoto wetu wawili, na shemeji yangu wa Likasi na bibi yake, yaani mke wake.

Nyumba yenyewe, kama nilivyosema, nne. Orofa ya nne, baraza linaiona bahari kwa ubavu. Ukitaka kuiona yote unainama kidogo juu ya chuma. Maji ya moto saa yoyote, umeme haukukatika hata mara moja, jambo ambalo mtu wa Katuba, kwetu Lubumbashi, analitambua kabla hata ya kufungua sanduku. Mashuka walibadilisha katikati ya wiki bila kuombwa. Friji kubwa. Chini kuna sehemu za kuchomea nyama, zimejengwa kwa matofali, na jioni kila familia inashika yake, harufu ya makaa inapanda mpaka juu.

Jikoni ndipo nilipokwazika. Vyombo ni vingi, visu, glasi, hata mashine ya kukamua machungwa, lakini sufuria zote ni nyembamba, za watu wanaochemsha tambi. Unga mweupe wa mahindi uko kila duka kule, hilo lisikutie wasiwasi. Kusonga ndiyo kazi. Siku ya kwanza nilisonga bukari, yaani ugali, ya watu sita ndani ya sufuria ile, bwana yangu ameshika mpini kwa kitambaa kwa mikono miwili, mtoto anacheka, na mwiko hakuna. Nilitumia kijiko cha mbao cha kuchanganyia saladi. Kikavunjika. Kesho yake tukanunua mwiko wa kweli kwenye soko la Victoria Street, tukiwa tumeenda kule kwa sababu ya viungo. Mtu anayesafiri na familia ya Kikongo abebe sufuria yake nzito. Sisemi mzaha.

Nyota niliyoikata ni ya mlangoni. Mlinzi ana orodha ya majina, na jina la bibi ya shemeji lilikuwa limekosewa herufi mbili. Nusu saa tumesimama na masanduku, mpaka mwalimu wetu akapigiwa simu. Bwawa la kuogelea Agosti ni barafu, watoto waliingia hivyo hivyo.

Sasa wauzaji.

Tulikuwa tunazunguka tu kwenye duka kubwa la Umhlanga, bibi ya shemeji anatafuta viatu. Msichana mmoja, tabasamu kubwa, anagawa karatasi za kukwangua. Sitamtaja anayemtuma. Nikakwangua, nikashinda. Bwana yangu akakwangua, akashinda. Shemeji naye akashinda. Ukishinda unapewa wikendi ya siku tatu kwa watu wawili, bure, lakini zawadi inachukuliwa mahali fulani baada ya mazungumzo ya dakika 90, na lazima mume na mke waje pamoja. Hiyo "pamoja" ishikeni. Hawataki useme "ngoja nikaongee na bibi". Wanataka bibi awe amekaa hapo hapo, achoke na wewe.

Shemeji alitaka kwenda, bwana yangu alitaka kwenda, mimi nilitaka kuona wanavyofanya kazi. Tukaenda.

Ukumbi una meza kama ishirini, kila meza na familia yake na muuzaji wake. Muziki, juisi, biskuti. Kila baada ya muda mtu anagonga kengele, watu wanapiga makofi, chupa inafunguliwa: kuna waliosaini. Walitutenganisha, shemeji na bibi yake meza ya kule, sisi huku. Muuzaji wetu akaja, kijana safi, kitambulisho shingoni, akatuangalia mara moja.

"Karibuni sana, papa, mama. Munatoka Lubumbashi? Mimi ni mtoto wa Kadutu."

Bukavu! Bwana yangu alilainika hapo hapo. Uko mbali hivyo na nyumbani, siku nzima umekuwa ukitafuta maneno ya Kiingereza, halafu mtu anakuita papa na anakuuliza kama foleni ya Kasumbalesa bado ni ile ile. Tuliongea juu ya nyumbani, juu ya ziwa, juu ya bei ya samaki. Kijana yule simlaumu, niseme wazi. Durban imejaa Wakongo wanaolinda magari barabarani wakiwa na diploma ndani ya begi, naye amepata kazi ya kuvaa koti. Lakini nusu saa ya kwanza hakuuza kitu chochote isipokuwa undugu, na aliuuza vizuri.

Halafu akaleta karatasi kubwa na kalamu nene. "Kila mwaka munaenda vakansi wapi? Hoteli munalipa ngapi?" Bwana yangu akasema hatuendi kila mwaka. Hilo hakuliandika. Aliandika randi 2,000 kwa usiku, usiku saba, 14,000. Kisha akasema hoteli zinapanda asilimia saba kila mwaka, akabonyeza simu yake, miaka 20, jumla karibu randi 574,000. Akaizungushia duara mara tatu. "Na mwisho munabaki na nini? Risiti." Kisha upande wa pili: jiunge na klabu yetu kwa randi 140,000, mara moja tu, unapata pointi za kulipia siku za kukaa, pointi zako ni za maisha, unaziacha kwa watoto.

Niliuliza kama kuna malipo mengine. Ipo ada ya mwaka, akasema, kidogo tu, ya usafi na matengenezo, 8,400. Kila mwaka? Kila mwaka. Inapanda? Akasema inafuata hali ya maisha.

Basi nikaomba kalamu. Nikamwambia, mdogo wangu, ile asilimia saba uliyoitumia kwenye hoteli, tuitumie na hapa. Akacheka, lakini alikuwa mtoto mwenye adabu, akabonyeza. Ada ya 8,400 ikipanda asilimia saba kwa mwaka, miaka 20, inatoka karibu 344,000. Ongeza 140,000 ya kujiunga. Tunafika 484,000, na bado hatujanunua tikiti ya ndege wala nyama ya kuchoma. Nikamwambia tena, sisi fleti tuliyolala jana usiku, ya aina ile ile unayotuonyesha kwenye picha, tumeikodi kwa 6,500. Piga asilimia saba hiyo hiyo, miaka 20. Akapiga. 266,000. Kukodi kila mwaka bila kukosa hata mmoja kunakuja chini ya ile ada "kidogo tu" peke yake, kabla hata hujaweka bei ya kununua. Na mwaka usipoenda, hulipi.

Hakujibu hesabu. Akaenda kumwita meneja.

Nilitaka kupiga picha ya ile karatasi kubwa. Meneja akasema hairuhusiwi, akaikunja. Kumbukeni hilo: yote yaliyoandikwa kwa kalamu nene yanabaki kwao. Yanayokwenda na wewe ni yale ya mkataba, na ndani ya mkataba kuna kifungu kinachosema kwamba ahadi yoyote iliyotolewa kwa mdomo nje ya maandishi haya haihesabiki. Nilikisoma mara mbili. Wale wanaofanya kazi na mikataba ya usafirishaji wanakijua, kiko kila mahali. Tofauti ni kwamba sisi ofisini hatugongi kengele na kufungua chupa kabla ya kukifikia.

Bei ikaanza kushuka. Kutoka 140,000 ikawa 118,000 kwa sababu sisi ni wageni wa kimataifa. Bwana yangu akaangalia saa. Ikawa 95,000, kwa sababu kuna familia imerudisha pointi zake asubuhi ile ile, bahati yetu. Malipo ya kwanza 9,500, kilichobaki kwa mwezi, pamoja na riba. Bei ya leo tu. Niliomba kuondoka na mkataba niusome usiku, nirudi asubuhi. Haiwezekani. Tulipofika mlangoni, mtu wa tatu akatokea na "kifurushi cha majaribio", miaka mitatu, 18,000. Dakika 90 zilikuwa zimekwisha zamani, watoto wanalia njaa.

Bwana yangu aliuliza swali moja tu muda wote ule, na kwangu lilishinda hesabu zangu zote: "Na mwaka tunakosa viza, tunalipa tu?"

Kijana wa Kadutu akasema pointi hazipotei, papa, zinasogezwa. Mkataba unasema zinasogezwa mwaka mmoja, na ada inadaiwa uende usiende. Akaongeza kwamba ukiwa mwanachama ni rahisi zaidi kule konsolato. Hapo sikunyamaza. Sisi wenye pasipoti ya kawaida ya Kongo tunaomba viza kila safari, tunapanga mstari hapa hapa Lubumbashi na barua ya benki, barua ya kazi, cheti cha ndoa, karatasi za watoto. Kadi ya klabu ya pointi haikupi haki yoyote ya kuingia nchi ya mtu. Inakuwa ni mahali pa kulala, na mahali pa kulala hata mwalimu wa Chatsworth alituandikia barua.

Kwangu mimi ada hii ni sawa na ile gharama ya kuchelewesha kontena bandarini. Karatasi zako zimekwama, mzigo hautembei, wewe umekaa Lubumbashi, na saa inahesabu. Kuna tofauti moja: kontena siku moja linatoka.

Na swali letu la kizazi chote, titre, yaani hati, iko wapi? Mtu wa huku akinunua parsela, kiwanja hata kidogo cha Ruashi, anataka certificat d'enregistrement, hati ya kuandikishwa. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, lakini ile karatasi inakulinda wewe na haki yako. Wiki za zamani za Afrika Kusini, kama ya mwalimu wetu, zilikuwa na kitu cha kushika: hisa ndani ya kampuni inayomiliki jengo, ao sehemu iliyoandikishwa, wiki namba fulani, fleti namba fulani. Pointi hazina fleti. Wewe ni mwanachama wa klabu, na klabu ndiyo inaamua Julai ni pointi ngapi na Mei ni ngapi. Ikibadilisha jedwali, pointi zako zilizokuwa zinatosha wiki mbili zinaweza kutosha siku tano.

Sasa sikilizeni jambo la kalenda, maana hapa ndipo sisi Wakongo tuna faida ambayo hakuna muuzaji atakayekuambia. Durban bei inapanda Desemba mpaka mwanzo wa Januari, Pasaka, na likizo yao ya shule ya Juni na Julai. Jumamosi ya kwanza ya Julai kuna mashindano ya farasi ya Durban July, yanayokimbizwa tangu 1897, mji mzima unavaa kofia. Wiki hizo kwenye mfumo wa zamani wa RCI zilipakwa rangi nyekundu, ndizo zinazogombewa. Agosti watoto wao wako darasani. Watoto wetu bado wako nyumbani mpaka Septemba! Hali ya hewa ya Durban mwezi huo ni sweta asubuhi na fulana mchana, mtu wa Lubumbashi aliyezoea baridi ya Juni haoni tabu. Wenye wiki za Agosti wanatafuta wapangaji kwa bidii, kwa sababu ada wanalipa sawa na mwenye wiki ya Julai wa fleti kama yao. Epukeni tu siku zinazozunguka tarehe 9 Agosti, sikukuu yao ya wanawake, kule pwani kunajaa.

Mwalimu mwenyewe alikuja siku ya tatu kuchukua nusu ya pesa iliyobaki. Alikuja na sambusa, dazeni nzima, na chatini ya mnazi ndani ya chupa ya jemu. Tukaketi barazani. Aliinunua wiki yake miaka ya tisini, na haijutii, alisema hivyo bila kuulizwa: watoto wake walijifunza kuogelea katika bwawa lile lile ambalo wangu walikuwa wanatetemekea. Sasa watoto wako Australia, bwana amefariki, ngazi zinamchosha. Ada ya mwaka ule kwake ilikuwa juu ya 8,000. Fanya hesabu: anatukodishia kwa 6,500, anaongeza mfukoni mwake, na bado anashukuru kwamba tumekuja. Alijaribu kuiuza, hakuna mnunuzi. Alijaribu kuirudisha kwa kampuni, wakamwambia wataangalia. Akaniangalia, akasema, "Chukua wewe. Bure. Lipa tu gharama ya kubadilisha jina."

Kitu ambacho mtu anakupa bure barazani, kule kwenye kengele ni randi 95,000, bei ya leo tu. Nilikataa, kwa adabu, nikamwongezea chai.

Yeye ni mtu wa pale. Anaendesha gari dakika ishirini na kitu, amefika. Hana viza, hana ndege ya kupitia Johannesburg, hana benki ya Lubumbashi inayokata pesa kila ukituma randi. Kama mtu anaishi Durban ao Pietermaritzburg na ana uhakika wa kwenda kila mwaka, anunue, lakini anunue kwa mwenye wiki anayetaka kutoka, aombe kwanza karatasi ya ada za miaka iliyopita na aulize kama hakuna deni. Wa kwetu Lubumbashi, awe wa Golf, Kamalondo ao Bel-Air, hapana.

Sasa shemeji. Tulipotoka, yeye na bibi yake walikuwa nje tayari, na begi la zawadi, uso wa mtu aliyebatizwa. Walikuwa wamesaini. Ile kengele ya mwisho tuliyoisikia ilikuwa yao. 9,500 zimetoka kwenye kadi.

Sikumgombeza, ni shemeji, na mbele ya bibi yake isingefaa. Usiku ule baada ya kula tulifungua karatasi mezani. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda wateja, namba 68 ya 2008, kifungu cha 16, inasema hivi: kama umenunua kwa sababu muuzaji ndiye alikufuata wewe kukutangazia, una siku tano za kazi za kuvunja mkataba kwa maandishi, bila kutoa sababu, bila faini. Pesa zako zinarudishwa ndani ya siku 15 za kazi tangu wapokee barua. Wewe ukienda mwenyewe ofisini kwao kutafuta, kifungu hicho hakikubebi. Ndiyo maana niliuliza kwanza: ile karatasi ya kukwangua iko wapi? Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya shemeji, imekunjwa nne. Tukaipiga picha. Huo ndio ushahidi kwamba wao ndio walimfuata.

Barua ilikuwa mistari mitano. Jina, namba ya mkataba, tarehe, "nauvunja mkataba huu kwa kifungu cha 16", akaunti ya kurudishia. Hakuna kueleza, hakuna kuomba radhi. Shemeji alitaka kuandika kwamba bibi yake anaumwa, nikafuta. Alisaini Jumatano, barua tukaituma kwa imeili Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi tukaipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa muhuri. Yule aliyepokea alijaribu kumrudisha mezani kwa juisi. Shemeji alikataa juisi. Pesa zilirudi siku za mwisho mwisho za muda ule, randi zote 9,500, ingawa zilipoingia Likasi na kugeuzwa dola zilikuwa zimepungua kidogo, hilo ni la benki na soko.

Wengi hawajui kuhusu siku hizo tano, ao wanajua wakiwa wamesharudi nyumbani. Mwaka 2017 Tume ya Taifa ya Walaji ya kule ilifungua uchunguzi juu ya biashara hii nzima, ikasikiliza watu hadharani, na malalamiko yalifanana na ya mezani kwetu: mikataba isiyo na mwisho, pointi zisizopata nafasi, ada zinazopanda. Ndugu zetu walioko Ubelgiji na Ufaransa wana kinga bora zaidi, sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kushika hata senti ya kwanza. Hispania nako mikataba ina kikomo cha miaka 50. Wenye jamaa waliosaini Tenerife wakiwa vakansi wawaulize tarehe.

Kwa anayetaka kufanya kama sisi: majengo mengi ya aina hii, Umhlanga, Margate, hata kule milimani Drakensberg, yana ubao wa matangazo karibu na mapokezi, na wenye wiki wanabandika namba zao. Omba jina lako liandikwe na mwenye wiki kwenye orodha ya mlangoni, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Omba barua yenye anwani na tarehe kwa ajili ya viza. Usitume pesa zote kabla. Nusu inatosha, nusu ukishika ufunguo, na kabla ya hiyo nusu ya kwanza piga simu mapokezi waulize kama mtu huyo kweli ana wiki pale.

Sisi Agosti tunarudi. Mwalimu amesema bei ni ile ile, na amempigia simu jirani yake wa orofa ya pili ili shemeji apate fleti ya peke yake, maana na mashangazi wa Likasi sasa wanataka kuja.